Jinsi ya kusoma utafiti wa dawa za kelesheni kwenye MND bila kupigwa changa la macho

Ukishakuwa na mgonjwa wa MND nyumbani, wengine wanauita ALS, ule ugonjwa neva zinazoendesha misuli zinakufa kidogokidogo, mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito mpaka kumeza kunakuwa kazi, basi iko siku mtu atarusha link kwenye grupu la familia: jamani kuna dawa inatoa sumu ya madini mwilini na imefanyiwa utafiti, mbona hospitali hawampi? Na ukiifungua mara nyingi chini yake kuna mtu anauza dripu za "kusafisha damu". Mi sikwambii usisome, soma tu, ila hizi ripoti zina namna yake ya kusomwa, na kuna swali watu wengi wanaliruka wakati ndo la kuanzia: hii dawa ikishaingia kwenye mwili wa mgonjwa wetu, mwili unaifanya nini, inavunjwa wapi, inatokea wapi na kwa muda gani. Yaani umetaboli wake. Ukishazoea kuuliza hivyo link nyingi utazifunga mwenyewe bila kugombana na shangazi yeyote.

Anza na jina la dawa yenyewe

Kelesheni maana yake dawa inakamata madini, chuma, shaba, risasi, zebaki, halafu inatoka nayo, mara nyingi kwa mkojo. Lakini ndani ya hilo kundi kuna dawa ambazo hazifanani hata kidogo. Deferoksamini inakamata chuma ila kwenye damu haikai, dakika kama 20 tu imeshapungua nusu, ndo maana wagonjwa wa thalasemia, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi unawajaza chuma, wanachomekwa pampu chini ya ngozi inatiririsha taratibu masaa mengi, na kuingia kwenye ubongo inapata shida. Deferiproni ni ya kumeza, molekuli yake ndogo, inavuka kwenda kwenye ubongo na uti wa mgongo, na hapo ndo watafiti wa MND walipoipendea. Penisilamini inajulikana zaidi kwa ugonjwa wa Wilson, ule wa shaba kujaa kwenye ini na ubongo, daktari Mwingereza John Walshe ndo aliyeileta kwenye kazi hiyo mwaka 1956. Halafu kuna EDTA, hii ndo ya kwenye dripu, mwili hauivunji, inaingia ilivyo na inatoka ilivyo kupitia figo.

Kwenye EDTA kaa macho sana. Ziko mbili na majina yanakaribiana, moja imewekewa kalsiamu ndani, nyingine ina sodiamu tu, na hii ya sodiamu ikiingia kwenye damu inakwenda kukamata kalsiamu ya mtu mwenyewe, kalsiamu ikishuka ghafla moyo unasimama. Marekani kati ya 2003 na 2005 walikufa watu 3 hivyohivyo wakiwa kwenye kelesheni, wawili kati yao watoto, na CDC, shirika lao la kudhibiti magonjwa, ikatoa taarifa. Kwa hiyo tangazo likiandika "kelesheni" peke yake bila kutaja ni dawa gani mi siendelei kusoma, na utafiti wa deferiproni usikubali utumike kukuuzia dripu ya EDTA, hizo ni dawa mbili tofauti kabisa.

Fuata kidonge kimoja kuanzia mdomoni mpaka chooni

Tuchukue deferiproni manake ndo imefanyiwa kazi zaidi kwenye MND miaka ya karibuni, hasa Ufaransa. Dozi waliyotumia kule kwenye MND ni miligramu 30 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa siku, imegawanywa mara mbili. Mgonjwa wa kilo 60 basi anakula 900 asubuhi na 900 jioni. Wa thalasemia anayetumia dawa hiyohiyo anaweza kupewa 75 kwa kilo kwa siku, kwa huyo wa kilo 60 inafika 4,500, mara mbili na nusu ya ile. Ukisikia mtu anasema "mbona jirani anatumia na hana shida" au "mbona jirani ilimdhuru" uliza kwanza anakula ngapi.

Sasa amemeza saa 1 asubuhi. Ndani ya kama saa moja dawa imefika kileleni kwenye damu, tuseme saa 2, halafu kila masaa mawili hivi inapungua nusu. Saa 4 imebaki nusu, saa 6 robo, saa 8 moja ya nane, saa 10 moja ya kumi na sita, saa 12 jioni imebaki kama asilimia 3 tu. Chora hiyo kwenye karatasi utaona, ukiruka dozi ya jioni mgonjwa anakaa usiku mzima bila dawa, na kinyume chake ukiona ripoti inasema walipima damu "masaa 12 baada ya dozi" ujue walipima wakati dawa imeshaondoka, hiyo namba ndogo haikwambii chochote kuhusu kilele.

Imeondokaje? Sehemu kubwa inaenda kwa kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayochakata vitu, kinaitwa UGT1A6, kazi yake kuipachika dawa kipande cha sukari, na ubaya (au uzuri, inategemea) kipande chenyewe kinapachikwa palepale dawa inapotumia kukamata chuma. Ikishapachikwa ni kama kaa aliyefungwa kamba magando, yupo lakini habani kitu. Kinachotoka kwenye mkojo kwa wingi ni hiyo dawa iliyofungwa, na kiasi kingine kinatoka kikiwa kimeshika chuma, hicho ndo kinafanya mkojo uwe na rangi nyekundu ya kahawia, watu wanashtuka wanadhani damu, kumbe ni dawa imebeba chuma.

Kwa hiyo kwenye ripoti yoyote tafuta kama walipima dawa kwenye damu, ile nzima na ile iliyofungwa, na walipima kwa nani. Kwa vijana wazima wa kujitolea? Kwa wenye thalasemia? Au kwa wenye MND kweli? Mara nyingi namba za umetaboli zimetoka kwa kundi moja na matumaini yanauzwa kwa kundi lingine, na mwandishi wala hajaficha, ameandika kabisa, ni sisi hatufiki huko tunaishia kwenye muhtasari.

Vitu vya duka la dawa vinavyovuruga hesabu

UGT1A6 kikizuiwa deferiproni inapanda kwenye damu. Na vinavyokizuia sio vitu vya ajabu: diklofenaki ni mojawapo, hii hapa kwetu mtu anainunua dukani kama pipi mgongo ukiuma, na mgonjwa wa MND anayekaa kitini siku nzima mgongo na mabega lazima yaume. Kingine silimarini, ile ya mmea wa mbigili inayouzwa kwenye kopo za "kusafisha ini". Yaani mtu anamwongezea mgonjwa kopo la kusafisha ini ili dawa isimdhuru, kumbe anaipandisha dawa yenyewe. Probenesidi, ya gauti, nayo imo.

Upande wa pili kuna vitu vinavyoishia kukamatwa na dawa tumboni kabla haijafika popote: vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, zinki, dawa za kiungulia zenye aluminiamu. Hivyo vinatakiwa vitenganishwe na deferiproni kwa masaa 4 angalau. Penisilamini ndo mbaya zaidi kwa hili, ukiila pamoja na chakula kinachoingia kwenye damu kinashuka karibu nusu, inataka tumbo tupu, na tena inammalizia mtu vitamini B6 ndo maana wanaotumia kwa Wilson wanaongezewa. Ripoti isiyosema wagonjwa walikula nini na dawa gani nyingine walikuwa wanameza, punguza imani.

Mwili wa mwenye MND sio ule wa kwenye kitabu

Hii ndo sehemu ningependa isomwe mara mbili.

Kipimo cha figo tunachopimiwa kila mahali ni kreatinini. Kreatinini inatoka kwenye misuli. Mwenye MND misuli inaisha, kwa hiyo kreatinini yake inakuwa chini tu hata kama figo zimechoka, karatasi ya maabara inarudi imeandikwa nomo, kila mtu anafurahi, halafu anapewa dawa inayotoka kwa figo kwa dozi ya mtu mwenye figo nzima. Kuna kipimo kingine kinaitwa sistatini C hakitegemei misuli sana, kama hospitali mnayotibiwa inacho kiulizieni, na kwenye ripoti ya utafiti angalia walitumia kipi kuamua nani aingie. Ukisoma "figo za wagonjwa zilikuwa sawa kwa kreatinini" kwenye utafiti wa MND hiyo sentensi haina uzito unaoudhani.

Pili uzito. Dozi inapigwa kwa kilo, na mgonjwa wa MND anapungua, sio kwa kushindwa kula tu, wengi miili yao inachoma nguvu kuliko kawaida hata wakiwa wamekaa. Aliyeanza na kilo 68 akafika 57 bila dozi kurekebishwa, anakula kwa kilo ambazo hana tena. Kumeza nako, kama ameshawekewa mpira tumboni swali linakuwa kidonge kinasagika au la, deferiproni ipo ya maji pia, nyingine ukizisaga unaziharibu, usijaribu kabla hujamuuliza mfamasia.

Tatu, seli nyeupe. Deferiproni kati ya mtu 1 na 2 kwa kila 100 inamfutia zile seli nyeupe zinaitwa neutrofili, zinashuka chini ya 500 kwa mikrolita, hapo homa ya kawaida tu inaweza kuua, ndo maana anayeitumia anapimwa damu mara kwa mara, miezi ya mwanzo kila wiki. Sasa sikiliza hili: wengi wetu wenye asili ya Afrika neutrofili zetu ziko chini kiasili bila ugonjwa wowote, inatokana na jeni ya Duffy, ileile inayowakinga wengi wetu na malaria ya vivax. Mtu mzima kabisa anakaa na 1,200 maisha yake yote wakati kitabu kinasema chini ya 1,500 ni tatizo. Kwa hiyo unatakiwa ujue namba ya mgonjwa wako kabla ya dawa, FBP (kile kipimo cha damu kinachohesabu seli) hata mbili tatu za nyuma mkizitafuta kwenye mafaili, la sivyo atasimamishwa dawa bila sababu au, mbaya zaidi, mtu atasema "ah ndo zake hizo" siku zinaposhuka kweli. Na ukisoma utafiti uliofanyika Ufaransa kwa Wafaransa ukakuta namba za neutrofili, jiulize wenye damu kama yetu walikuwemo wangapi.

Ongeza hapo riluzoli, dawa ambayo wenye MND wengi duniani wanaitumia toka ilipoidhinishwa Marekani 1995. Yenyewe inavunjwa kwenye ini na kimeng'enya CYP1A2 (moshi wa sigara unakiharakisha, kwa hiyo mvutaji anaimaliza mapema) na mara chache nayo inashusha neutrofili. Mbili kwa pamoja kwa mtu mmoja, hapo anatakiwa daktari anayeangalia karatasi za damu kwa macho yake, sio kupiga simu.

Na penisilamini? Hii inajulikana kuleta myastenia kwa baadhi ya watu, ugonjwa mwingine kabisa wa misuli kulegea. Fikiria mgonjwa ambaye tayari analegea, utajuaje siku hiyo ni MND imesogea au ni dawa?

Walipima nini hasa

Mwaka 1978 jarida la BMJ la Uingereza lilitoa ripoti ya wenye MND waliopewa penisilamini, na kilichokuwa kinaangaliwa ni kiwango cha risasi kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo. Risasi. Hiyo ni tofauti na kuangalia kama mtu anafunga vifungo vya shati. Ukikuta mtu ananukuu tafiti za namna hiyo kama ushahidi kwamba "imefanya kazi", muulize ilifanya kazi kwenye nini. Kwenye MND kipimo cha hali ya mtu kinaitwa ALSFRS-R, maswali 12, kila moja 0 mpaka 4, jumla 48, kuongea, kuandika, kupanda ngazi, kupumua, na kinashuka kadri ugonjwa unavyosogea. Tafuta hicho, na tafuta muda wa kuishi.

Wafaransa mwaka 2018 walitoa majaribio yao madogo ya deferiproni kwa watu 23. Miezi 3 ya kwanza bila dawa, halafu wakaanza dawa, chuma kikapungua kwenye baadhi ya sehemu za mfumo wa neva zilizopigwa picha za MRI, na miezi 3 ya mwanzo ya dawa alama zilishuka taratibu kuliko ile miezi 3 bila dawa. Inatia moyo, sikatai, lakini hapakuwa na kundi la dawa bandia, kila mtu alijua anakula dawa, na MND yenyewe haishuki kwa mwendo mmoja. Ndo maana baada ya hapo wakapanga utafiti mkubwa wenye dawa bandia, na huo ndo utaratibu, majaribio ya watu 23 kazi yake ni kuruhusu utafiti unaofuata, sio kuruhusu famasi.

Ukitaka kuona kwa nini nasisitiza, angalia kilichotokea kwa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa. Dawa hiyohiyo, dozi hiyohiyo ya 15 kwa kilo mara mbili kwa siku, watu 372 ambao walikuwa bado hawajaanza dawa za Parkinson, wiki 36, matokeo yakatoka New England Journal of Medicine mwaka 2022. Chuma kwenye ubongo kilipungua kama kemia ilivyoahidi. Na wagonjwa waliokula dawa wakawa na hali mbaya kuliko waliokula dawa bandia, alama za ugonjwa zikapanda 15.6 dhidi ya 6.3. Chuma hichohicho tunachokiita sumu ubongo ulikuwa unakihitaji kutengeneza dopamini, kemikali ambayo mwenye Parkinson tayari anaipungukiwa. MND sio Parkinson, sawa, ila tena mtu asikwambie "imeonekana inapunguza chuma" kama vile ndo mwisho wa habari.

Panya nao. Panya wengi wa MND wamewekewa jeni mbovu ya SOD1, iliyogunduliwa 1993, wakati wagonjwa wenye jeni hiyo ni kama 2 kwa kila 100. Dozi ya panya ukitaka kuilinganisha na ya binadamu kwa kilo gawa kwa 12 hivi, 100 ya panya ni kama 8 yako, usiinakili ilivyo. Na kwa panya haohao wa SOD1 kuna watafiti waliowapelekea shaba badala ya kuwatolea, na panya wakafaidika! Kwa hiyo hiyo hadithi ya "madini yote ni adui toa nje" hata panya hawaiungi mkono.

Tafiti za zamani zisome na zilizozijibu

Ukitafuta MND na umetaboli wa dawa utaangukia kwenye kazi za Birmingham za mwisho wa miaka ya 80. Mwaka 1988 kwenye jarida la Lancet watafiti wa huko waliandika kwamba wenye MND wengi wanashindwa kuichakata vizuri kabosisteini, dawa ya kulainisha makohozi, ile hatua ya kuongeza oksijeni kwenye salfa, na mwaka uliofuata wakaandika kuhusu kimeng'enya kinachopachika methili (kipande kidogo cha kemikali) kwenye salfa, kwa wenye MND na Parkinson. Penisilamini nayo ina salfa ya namna hiyo kwa hiyo unaona kwa nini watu wanaziunganisha. Lilikuwa wazo zuri sana, kwamba ini la mgonjwa ni tofauti toka mwanzo. Lakini 1999 watafiti wengine, Küpfer na Idle, wakaandika kwamba ule uhusiano wa kabosisteini na magonjwa ulikuwa wa uongo, tatizo likiwa kwenye upimaji. Link za mtandaoni zinakupa ya 1988, ya 1999 hawakupi. Kwenye PubMed, ile maktaba ya bure ya tafiti za tiba mtandaoni, kila ripoti ina sehemu inayoonyesha nani ameinukuu baadaye, bonyeza hapo, dakika tano tu.

Ukienda kwa daktari

Beba ripoti yenyewe, sio screenshot ya WhatsApp, na orodha ya kila kitu anachomeza mgonjwa, miti shamba na kopo za virutubisho zikiwemo, mkificha hapo mnajidanganya wenyewe. Uliza feritini yake, kile kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikoje, huku kwetu upungufu wa damu ni kitu cha kawaida na kumtoa chuma mtu ambaye hana ni kumuongezea mzigo. Uliza kama kuna utafiti unaopokea wagonjwa, ClinicalTrials.gov na ile rejista ya Afrika ya PACTR zote ziko wazi bure. Na kama mtu anawauzia dawa angalieni kama imesajiliwa, Tanzania ni TMDA, Kenya ni Pharmacy and Poisons Board.

Na kama kwa sababu yoyote daktari ameamua kumuanzisha deferiproni, iwe kwa utafiti au kwa tatizo lingine la chuma, kila mtu wa nyumbani ajue hili moja, hata binti anayemsaidia kuoga: homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, dawa inasimama siku hiyohiyo na mnakwenda hospitali siku hiyohiyo kupima FBP, mkifika semeni mapema kabisa mapokezi kwamba anatumia deferiproni. Msikubali kurudishwa na dawa za malaria kabla majibu ya neutrofili hayajatoka.